Ubao wa Nukta Nyekundu

"Tumeelewana?"

"Tumeelewanaaa!"

"Kweli?"

"Kweliii, mwalimu!"

Darasa la Tano la Shule ya Miambani liliitikia kwa sauti moja mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mpita njia angedhani humo ndani wamekaa maprofesa watupu. Mwalimu Eliwaza Mkumbo hakuwatazama watoto. Aliutazama ubao. Midomo ya watoto ni kama kuku wa jioni, akiingia mmoja bandani wote wanaingia. Ubao haukuwa na mdomo, na haukujua kufuata mkumbo.

Ulikuwa ubao mweusi uliotanda ukuta mzima, na kila mtoto alikuwa na nukta yake humo, pale pale alipokaa. Nukta ikiwa kijani, mtoto amelishika somo. Ikiwa njano, anayumba. Ikiwa nyekundu, amepotea njia na anahitaji mtu wa kumrudia. Asubuhi ile, huku wakipiga kelele kwamba wameelewana, nukta za njano zilikuwa zimechanua kama shamba la alizeti, na kule karibu na dirisha iliwaka nyekundu moja, peke yake.

Ilikuwa ya Sikitu.

Eliwaza alishuka kutoka mbele akapita katikati ya madawati. Yeye mwenyewe alisoma katika zama za kuitikia. Aliitikia darasa la kwanza, akaitikia la pili, akaenda hivyo hivyo akiitikia mpaka la saba bila kujua kugawanya, na hakuna aliyemgundua. Mtihani ndio uliomgundua, na mtihani ukishakugundua haukwambii rudi nikufundishe. Unakufungia mlango. Alikuja kujifunza kugawanya akiwa mtu mzima, tena kwa shida. Ndiyo maana sleti zilipoletwa Miambani, walimu wengine waliguna, yeye akazipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa maji.

Kila mtoto alikuwa na sleti yake, kibao chembamba cha kioo kinachokula jua, na aliandika humo kwa kidole. Sleti haikungoja jibu tu. Ilikifuata kidole: kilianzia wapi, kilisita wapi, kilifuta nini. Ikihisi mtoto ameteleza, ilimuuliza swali jingine dogo, na jingine, kama fundi anayegonga ukuta akisikiliza palipo na uwazi ndani. Kisha ilimwonyesha mwalimu njia yote ambayo mtoto yule amepita kichwani mwake.

Swali la siku ile lilikuwa jepesi. Mama amechemsha viazi kumi na viwili. Wagawie watoto wake watatu. Sikitu alikuwa ameandika tano, nne, tatu. Sleti ikamuuliza tena kwa mayai, akagawa vile vile, wa kwanza zaidi, wa mwisho kidogo. Ikamuuliza kwa mbuzi. Hakubadilika.

"Sikitu, mama."

"Abee, mwalimu."

"Huyu wa kwanza umempa vitano. Kwa nini?"

Sikitu alimtazama mwalimu kama anayeulizwa kwa nini mvua inashuka chini. Alikuwa mtoto mwembamba, shingo ndefu, mwenye kuongea taratibu. "Si ndiye mkubwa, mwalimu?"

"Na huyu wa tatu?"

"Huyo mdogo. Tumbo lake dogo. Halafu ataongezewa na bibi."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mrisho, ambaye baba yake alikuwa na duka na ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alisimama kabisa. "Bibi wa nani? Kwenye swali hakuna bibi!"

"Kila nyumba ina bibi," Sikitu alisema, bila kumgeukia.

Hata Eliwaza alicheka. Maana hesabu ya mtoto ilikuwa imetimia. Viazi kumi na viwili vilikuwa vimekwisha chunguni. Aliyetunga swali, huko alikokaa, alidhani dunia nzima hugawa sawasawa, hakuona haja ya kusema. Kwenye karatasi za zamani Sikitu angepigwa mkasi mwekundu wa kosa na kuambiwa hajui. Hapa mwalimu alichuchumaa kando ya dawati lake, akamwambia, "Kwenye hesabu za shuleni watoto wote ni mapacha, mama. Na bibi amesafiri." Sikitu alifikiri, akafuta, akaandika nne, nne, nne. Ukutani nukta yake ikageuka njano, kisha, sleti ilipomjaribu kwa mayai, ikawa kijani kibichi.

Eliwaza alirudi mbele moyo wake mwepesi. Nje, juu ya majabali, mapangaboi makubwa ya umeme yalizunguka taratibu, na upepo ulikuwa wa kutosha kila mtu.

*

Bwana Ntandu wa Idara ya Mwelekeo alifika wiki ile ile, watoto wakiwa mapumziko. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu, anayepangusa kiti kabla ya kukalia. Mwalimu Mkuu, Mzee Kiula, alimkaribisha chai na karanga, akamwita Eliwaza ofisini.

"Mwalimu Eliwaza, darasa lako linasifiwa," Ntandu alianza. "Sleti zako ndizo zinazosomeka vizuri kuliko zote wilayani. Watoto wako hawafichi kitu."

"Hawana sababu ya kuficha, bwana. Wanajua nyekundu haina kiboko."

"Vizuri sana. Ndiyo maana nimekuja." Alipangusa mikono yake iliyokuwa safi. "Kuanzia muhula huu hatutasubiri tena mtihani wa la saba. Wa nini? Mtihani ni siku moja. Mtoto anaumwa kichwa, anafeli maisha. Sleti zinamwona kila siku. Basi zile nukta zote zitakwenda mjini, kwa Mchujo. Mchujo ni mtambo. Hauna ndugu, hauli rushwa. Utazipima nukta za kila mtoto, na wale waliozidi wekundu watahamishiwa Vituo vya Mikono."

"Kule bondeni?"

"Bondeni. Wanalala huko, wanakula mara tatu, wanafundishwa kazi ya vioo vya jua."

Eliwaza aliwahi kufika bondeni. Aliona watoto wakifuta vumbi kwenye vioo visivyo na mwisho, safu kwa safu, na hakuona hata kitabu kimoja. Aliyekwenda kule hakurudi darasani.

"Na nyekundu za nyuma?" aliuliza. "Za mwaka mzima?"

"Zote zinahesabiwa. Bado zimo ndani ya sleti, zitavutwa mjini Ijumaa ya wiki ijayo."

"Basi mtachukua watoto wanaojifunza. Bwana, nyekundu si tabia ya mtoto. Ni ya siku ile, ya saa ile. Nina binti hapa alianza mwaka akiwa mwekundu kama pilipili, leo anawafundisha wenzake."

"Mchujo utaliona hilo pia."

"Utaona wingi wa nukta. Mchungaji anampapasa mbuzi mguu njiani ili atoe mwiba, atembee. Ninyi mnataka mapapaso yale yale yawaambie yupi wa kuchinja. Siku mbuzi wakijua hivyo, nani atanyanyua mguu?"

Mzee Kiula alikohoa kwenye chai. Ntandu hakukasirika, ndilo lililomtisha Eliwaza, kwamba hakukasirika hata kidogo. Alimtazama kwa huruma.

"Dada yangu, na mimi nina watoto. Kwani zamani walikuwa hawachujwi? Walichujwa gizani. Sasa wanachujwa mchana." Akasimama. "Gari litapita baada ya mavuno ya alizeti. Kila Ijumaa, kuanzia hiyo, utaweka dole gumba lako kuthibitisha kwamba usomaji wa wiki ni wa kweli. Basi."

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Chini yake, Eliwaza alisikia miguu mingi midogo ikikimbia.

*

Jumatatu iliyofuata ubao mzima uliwaka nyekundu.

Kwanza Eliwaza alidhani ni hitilafu. Alizima, akawasha. Nyekundu tupu, kutoka dirishani hadi mlangoni, kama tanuri la matofali. Alifungua njia ya mtoto wa kwanza: tano, nne, tatu. Wa pili: tano, nne, tatu. Aliwapa swali la mayai, wakagawa mayai kama nyumbani kwa Sikitu. Aliwapa swali la maji kwenye debe, na hilo nalo walimpa mkubwa zaidi. Hata Mrisho, aliyekuwa anagawanya tangu akiwa anauza pipi dukani kwa baba yake, aliandika tano, nne, tatu kwa mwandiko mzuri, akapiga na mstari chini.

"Simameni," alisema Eliwaza.

Wakasimama.

"Nani amepanga hili?"

Watoto wa Miambani wakiamua kunyamaza, mawe ya kule juu ni wasemaji zaidi yao.

"Mrisho. Wewe huwezi kukaa kimya hata usingizini. Sema."

Mrisho alijikuna goti kwa mguu mwingine. "Mwalimu, gari la kwenda bondeni lina viti vingapi?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Mimi nimewahi kuliona, limekuja dukani kujaza maji. Ni dogo. Wakitaka mmoja, wanambeba. Wakitaka wote, hatuenei."

Mtu wa nyuma akacheka puani, wengine wakamfuata. Sikitu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia sleti yake, masikio yamemsimama.

"Tuliulizana ni nani mwenye nyekundu nyingi," Mrisho aliendelea, sasa amenoga. "Tukasema basi tugawane. Kila mtu achukue nyekundu ya Sikitu kidogo. Sawasawa, mwalimu. Kama mapacha."

Eliwaza aliwageuzia mgongo, akajifanya anashughulika na ubao. Nani alikuwa amewafundisha jambo zuri kiasi kile? Na nani sasa angewafundisha kitu kingine chochote? Kwa maana mbele yake palikuwa na ukuta mwekundu, na nyuma ya ukuta ule kila mtoto alikuwa amejificha na ujinga wake na akili zake pamoja. Kiitikio kilikuwa kimerudi. Safari hii kilikuwa cha vidole.

Jioni alimweleza Mzee Kiula. Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa kazi na alitembea nao kama mtu aliyebeba yai.

"Weka dole gumba," alimwambia. "Thibitisha kwamba ni kweli. Watasema darasa limeharibika, watalirudisha mwaka mzima hapa hapa Miambani, na wewe watakuhamisha. Watoto watakaa kwao."

"Watakaa wakiigiza ujinga mpaka wauzoee."

"Basi sema si kweli."

"Nikisema si kweli, Mchujo unarudi kwenye nukta za nyuma, zile walizoandika kwa imani. Gari linakuja kumchukua Sikitu na wenzake wawili."

Mzee Kiula alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mwanangu Eliwaza, zamani tulikuwa na chaki. Chaki haikuwahi kumsemea mtu."

"Zamani, mzee, nilimaliza la saba sijui kugawanya."

Mzee alivaa tena miwani yake.

*

Siku mbili alifundisha ukuta. Alieleza, akauliza, ukuta ukawaka. Alijaribu kusoma macho ya watoto, lakini macho ya watoto wengi kwa pamoja yanaongea yote mara moja, huwezi kushika neno. Alitamani hata njano moja.

Jumatano alipotoka shule alipita njia ya mashamba ya vitunguu, akamkuta Mama Sikitu anapalilia, kitenge amekifunga kiunoni. Mama yule hakuwahi kusoma. Alinyoosha mgongo, akasalimia kwa furaha, akamwita mwalimu kwenye kivuli cha kibanda.

"Mwalimu, nilikuwa nakutafuta. Huyu mwanao nyumbani alikuwa amenichosha na kugawa. Akiona chungu anagawa. Wiki iliyopita aliwapa kaka zake viazi sawasawa na yule mdogo, nusura wapigane." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Wiki hii kimya. Nikimuuliza mmesoma nini, anasema mama acha. Nikamwambia niletee hiyo sleti nione ile taa yako ya kijani, akasema taa zimekufa."

Eliwaza alikaa juu ya gunia.

"Mimi sijui mambo ya shule," Mama Sikitu alisema, "wewe ndiye macho yangu. Niambie tu. Mtoto anaelewa, au haelewi?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Tangu sleti zije, hakuna mzazi aliyemuuliza hivyo akakosa jibu. Alikuwa anajua. Mtoto wa fulani anateleza kwenye kukopa makumi. Wa fulani anachanganya nusu na robo. Huyu anajua ila anaogopa. Alikuwa anajua kama mama mzazi anavyojua ni mtoto yupi aliyekohoa gizani.

"Sijui, dada," alisema.

Mama Sikitu hakulaumu. Alichukua jembe lake, akaanza tena kupalilia, na mgongo wake uliinama kama wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa mbali.

*

Alhamisi upepo ulilala.

Huja hivyo Miambani, mara chache kwa mwaka: mapangaboi yanasita, yanatingishika, yanasimama yakining'inia kama mikono ya mtu aliyekata tamaa. Umeme uliobaki huenda hospitali na kwenye pampu ya maji. Cha kwanza kuzimwa ni mnara wa mawasiliano. Sleti hazifi, kwa kuwa zina jua lake tumboni, na huongea na ubao wa darasani kama kawaida. Ila kile zinachosoma hukaa ndani yake kikisubiri. Mnara ukiamka, zinatapika vyote, vinakwenda mjini.

Eliwaza alifunga mlango wa darasa. Akafunga na madirisha, ingawa joto lilikuwa la kuoka mkate.

"Wekeni sleti chini, mnisikilize. Siwaiti kuitikia. Atakayeitikia nitamtoa nje."

Wakakodoa macho.

"Mnara umelala. Kinachoandikwa sasa hakitoki humu ndani. Nataka mniandikie kweli. Anayejua, ajue. Asiyejua, asijue waziwazi, mpaka nimfikie."

"Upepo ukirudi je?" Ni Sikitu aliyeuliza. Tangu Jumatatu sauti yake ilikuwa haijasikika.

"Kabla haujarudi, nitafuta."

"Utafuta leo tu?"

Eliwaza alikuwa ameomba Mungu asiulizwe hilo. "Haiwezekani kufuta leo tu. Sleti hufutwa yote au isifutwe kabisa. Nitafuta tangu mwanzo wa mwaka."

Mrisho alipiga mluzi mdogo. "Na ile mistari yetu? Ile tuliyopita?"

"Yote."

Walielewa haraka kuliko alivyotaka. Mwaka mzima wa kila mmoja ulikuwa humo: alipokwama, alipokwamuka, neno lililomfungua. Mwalimu yeyote atakayekuja baada yake angewakuta weupe kama waliozaliwa jana. Na aliyefuta bila kibali cha Idara alijua anapelekwa wapi. Hilo hakuwaambia, lakini Sikitu alimtazama kwa shingo yake ndefu, akaona.

"Mwalimu, ukifuta, na wewe si utakuwa mwekundu?"

"Andika swali, mama," alisema Eliwaza.

Alilitaja kwa mdomo. Mama amechemsha viazi kumi na vitatu. Watoto ni watatu, ni mapacha, bibi amesafiri. Kila mmoja apate sawasawa, na chungu kibaki kitupu.

Vidole vikasita. Kwa pumzi kadhaa ubao ulibaki mweusi mtupu, na Eliwaza akadhani wamemkataa. Halafu pale mbele ikawaka njano. Ikawaka kijani nyuma. Nyekundu mbili, njano tena, kijani, kijani, nyekundu. Zilitawanyika ubao mzima bila mpango, kama madoa kwenye mgongo wa kanga wa porini, na hakuna mbili zilizofanana jirani. Alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nusu yake ilikuwa makosa.

Akaanza kazi. Alikuwa na haraka, lakini haraka ya mtu anayeona. Waliompa kila mtu vinne na kuacha kimoja chunguni, aliwakusanya pamoja akawapa kiazi halisi na kisu, waliamue wenyewe. Waliokata nusu mbili wakabaki na mtoto mmoja analia njaa, alikaa nao akachora. Kijani aliwapandanisha na njano. Darasa likawa na kelele, si ile ya kuitikia. Ya watu wanaobishana kuhusu kiazi.

Alipofika dirishani, Sikitu alikuwa amekata duara lake vipande vitatu.

"Vinne, na hiki kipande," alisema. "Kila mmoja. Hiki kipande kinaitwaje, mwalimu?"

"Theluthi."

"Theluthi." Alilionja neno. Nukta yake ikapita njano bila kusimama, ikawa kijani. "Mwambie mama yangu," alisema taratibu. "Ukipita."

"Nitamwambia."

Ndipo Eliwaza alipoinua macho akaona kwamba ubao ulikuwa umebaki na nyekundu moja. Haikuwa ya mtoto ambaye Eliwaza alimdhania. Ilikuwa mstari wa mbele, karibu na mlango, na ilikuwa imekaa pale tangu mwanzo bila kutikisika.

Mrisho alikuwa amefunika sleti yake kwa mikono yote miwili.

Aliifungua njia yake mezani. Mtoto wa duka aligawanya vizima kama mvua inavyonyesha. Ilipofika kwenye kilichobaki, kidole kiliandika, kikafuta, kikaandika, kikafuta, mara nyingi kupita kiasi. Na Eliwaza alipovuta mstari nyuma, akaona ni hivyo hivyo mwezi uliopita, na mwezi ule mwingine. Kila palipohitajika kukata kitu kimoja, Mrisho alikuwa anasubiri jirani aandike, kisha anachekesha darasa. Kijani chake chote cha mwaka kilikuwa na ufa mmoja katikati, naye mwalimu, kwa kumwona mjanja, hakuwahi kuufungua kuutazama. Dawa yake ilikuwa humo humo kwenye ile njia, kama angepata muda wa kuisoma mpaka mwisho, aone mtoto alianza kupotelea wapi.

Juu ya majabali kitu kikalia. Ngrrr. Kisha kikalia tena.

"Mwalimu," mtoto mwingine wa dirishani alisema, "pangaboi la kwanza limegeuka."

Kelele za kiazi zikakatika. Watoto wote walimtazama yeye. Eliwaza aliikamata sleti kuu, ile ya mwalimu. Maneno yalikuwa yamekwisha jitokeza, meupe juu ya giza: Futa kumbukumbu zote za Darasa la Tano? Hazitarudi. Weka dole gumba. Chini yake ilikuwa bado wazi njia ya Mrisho, na yeye amefika katikati tu. Angeisoma kwa muda mfupi. Muda wa kunywa kikombe cha maji.

Pangaboi la pili likageuka. Kwenye kilele cha mnara taa ilipepesa, ikazima, ikapepesa.

Alimtazama Mrisho. Mtoto yule, mwenye mdomo usio na kufuli, alikuwa anautazama ubao, nukta yake mwenyewe, peke yake mbele ya watu wote, na midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtu anayezuia kulia. Ndiye aliyesema tugawane.

Eliwaza alibonyeza dole gumba.

Nukta zilizimika zote kwa pamoja, za kijani, za njano na ile moja. Ubao ukawa mweusi, na sleti juu ya madawati zikawa nyeupe, safi, kama zilizopanguswa kwa pindo la kanga ya mama. Alama ya dole lake ilibaki kwenye kioo kikuu, na chini yake jina lake kamili, likisubiri kwenda mjini. Taa ya mnara ikawaka, ikatulia. Jina likaondoka.

Nje upepo ulikuwa unajaa polepole, na mlangoni Mzee Kiula alikuwa anagonga, anaita kwa sauti ya chini, "Eliwaza. Eliwaza, mwanangu, umefanya nini? Ntandu anapiga simu."

"Mwambie nipo darasani, mzee."

Alichukua kiazi kilichobaki na kisu. Alikwenda mstari wa mbele, akamsogeza Mrisho kidogo kwenye benchi, akakaa kando yake, bega kwa bega, benchi likilalamika chini yake. Kichwani alikuwa na ile nusu ya njia aliyoiwahi, na alijua itamtoka asipoishika.

"Hapa sasa hakuna taa ya kukusemea," alimwambia polepole. "Nina macho yangu tu, na hayaoni mbali. Kata mwenyewe, baba. Unapoanza kupotea, nishike mkono."

Mrisho alikipokea kisu. Alikizungusha kiazi, akakitazama upande huu na upande ule, akaweka makali, akayaondoa. Halafu, kabla hajakata popote, mkono wake mdogo ukaja ukaushika wa mwalimu.

"Hapa," alisema.